HOTUBA NA JIBU LAKE: NENO LA KIONGOZI NA MAMLAKA KATIKA HISTORIA YA KONGO (1960–1997)

0. Utangulizi

Wanaochunguza historia ya siasa ya Kongo wamezoea kusoma hotuba za viongozi kama hati, yaani maandishi yaliyopigwa chapa, yenye tarehe na sahihi, ambayo mtafiti huyatafutia maana akiwa mezani pake. Njia hiyo ina faida zake. Lakini hotuba haikuzaliwa mezani. Ilitamkwa uwanjani, bungeni au redioni, mbele ya watu walioitikia, waliopiga makofi, waliozomea au walionyamaza. Isimu inafundisha kwamba kuna matamko ambayo hayaelezi jambo bali yanalitenda. Kiongozi anayesema «namwachisha waziri kazi» hatoi habari, anafanya tendo. Hata hivyo tendo hilo halitimii iwapo wanaosikia hawamtambui msemaji kuwa mwenye haki ya kulitamka. Kwa hiyo kila tamko la mamlaka lina pande mbili, na upande wa pili ni wa wasikilizaji.

Makala hii inachunguza upande huo wa pili katika historia ya Kongo tangu uhuru mwaka 1960 hadi mwisho wa utawala wa Mobutu mwaka 1997. Hoja yake ni kwamba nguvu ya neno la kiongozi haikutegemea ufasaha wake tu, bali hasa aina ya jibu ambalo wasikilizaji waliruhusiwa kulitoa. Pale palipokuwa na nafasi ya kujibu, neno lilijaribiwa, na lililoshinda lilidumu. Pale palipobaki jibu moja tu lililofundishwa, neno lilionekana kuwa na nguvu isiyo na mpaka, kumbe msemaji alikuwa amepoteza njia ya kujua watu wake wanawaza nini.

1. Siku ya hotuba tatu

Tarehe 30 Juni 1960, katika Jumba la Taifa mjini Léopoldville (leo Kinshasa), ratiba ya sherehe ya uhuru ilikuwa na hotuba mbili: ya Mfalme Baudouin wa Ubelgiji na ya Rais Joseph Kasa-Vubu. Mfalme aliueleza uhuru kuwa tunda la kazi iliyobuniwa na Leopold II, akawashauri Wakongo wasibadili mambo kwa haraka. Kasa-Vubu alijibu kwa upole, ingawa aliacha kuisoma sehemu ya mwisho ya hotuba yake iliyokuwa na sifa kwa mfalme. Kisha Joseph Kasongo, spika wa Baraza la Wawakilishi aliyeongoza kikao, akampa nafasi Waziri Mkuu Patrice Lumumba, ambaye jina lake halikuwamo katika ratiba.

Jambo la kwanza linalostahili kuangaliwa katika hotuba hiyo ni mwito wake. Lumumba hakuanza kwa kumtaja mfalme kama itifaki ilivyotaka. Aliwaita wanawake na wanaume wa Kongo, wapiganiaji wa uhuru waliokwisha kushinda. Kwa mwito huo nafasi za mazungumzo zilibadilika. Asubuhi ile mfalme alikuwa nafsi ya kwanza, Wakongo wakawa nafsi ya pili wanaopewa mawaidha. Sasa Wakongo walizungumza wenyewe kwa wenyewe, na mfalme, aliyekuwa ameketi palepale, akawa nafsi ya tatu anayesikia habari zake zikisemwa. Hasira ya Wabelgiji ilitokana na maneno yenyewe, na pia na badiliko hilo la nafasi.

Jambo la pili ni mfano ambao Lumumba aliuchukua kutoka katika sarufi. Alikumbusha kwamba Mwafrika aliambiwa «tu», nafsi ya pili umoja ya Kifaransa, si kwa urafiki, bali kwa sababu «vous» yenye heshima iliwekewa Wazungu peke yao. Katika orodha ya kazi za kulazimishwa, matusi, vipigo, ardhi zilizonyang'anywa na magereza, kiwakilishi kimoja kilihesabiwa kuwa jeraha. Si rahisi kuipeleka sehemu hiyo katika Kiswahili, kwa kuwa heshima katika Kiswahili hubebwa zaidi na majina ya udugu na ya umri, kama «baba», «mama» na «mzee», kuliko na kiwakilishi. Lakini msikilizaji wa Katanga au wa Kivu hakuhitaji tafsiri ndefu. Alikijua Kiswahili cha kazini, ambacho Mzungu alikitumia kwa amri: njoo, beba, fanya upesi. Vitabu vidogo vilivyowafundisha Wabelgiji Kiswahili vilijaa vitenzi vya namna hiyo. Lugha ya namna hiyo haina nafasi ya jibu isipokuwa «ndiyo, bwana». Lumumba, aliyeishi miaka mingi Stanleyville na kuzijua Kiswahili na Lingala pamoja na Kifaransa, alilifahamu jambo hilo vizuri.

Waliokuwamo ukumbini walimkatiza kwa makofi mara kadhaa, na redio ikaipeleka sauti yake nje. Sherehe ilikawia, na mfalme nusura aondoke. Wakati wa chakula cha mchana Lumumba alitoa hotuba nyingine fupi, ya maneno laini, akiwashukuru Wabelgiji. Hotuba hiyo ya pili karibu imesahauliwa na wote. Ya kwanza ilikuwa imesema kwa sauti kile ambacho wasikilizaji walikijua katika miili yao, nao walikuwa wamekwisha kuijibu.

Wako waandishi wanaodai kwamba hotuba hiyo ndiyo iliyomwua Lumumba. Dai hilo linahitaji uangalifu. Maadui zake walikuwapo kabla ya 30 Juni, na sababu zao zilihusu madini, jeshi na siasa ya mataifa makubwa. Hotuba iliwapa kisingizio, haikuwapa nia.

Siku tano baadaye tamko jingine lilithibitisha kwamba neno la mamlaka halifanyi kazi pasipo kukubaliwa. Tarehe 5 Julai 1960, Jenerali Émile Janssens, mkuu wa jeshi la Force Publique, aliwakusanya askari mjini Léopoldville, akaandika ubaoni kwamba baada ya uhuru ni sawa na kabla ya uhuru. Yalikuwa maneno machache kuliko ya hotuba yoyote, na yalitoka kwa mtu ambaye kwa miaka mingi amri zake zilitiiwa bila swali. Safari hii askari walijibu kwa maasi, ambayo yalienea Thysville na kambi nyingine. Katika siku chache jenerali akawa ameachishwa kazi, na wakubwa wa Kibelgiji wakaanza kuondolewa katika uongozi wa jeshi.

2. Redio na vita vya maneno

Mwaka uleule ulionyesha kwamba anayeshika chombo cha kupeleka sauti ana nusu ya mamlaka. Tarehe 11 Julai 1960, Moïse Tshombe alitangaza mjini Elisabethville (leo Lubumbashi) kwamba Katanga imejitenga. Tangazo la redio lilikwenda mbele. Majeshi, fedha na washauri wa Kibelgiji vilifuata ili kulifanya kuwa kweli. Kujitenga huko kulidumu hadi Januari 1963.

Mfano ulio wazi zaidi ni usiku wa 5 Septemba 1960. Rais Kasa-Vubu alifika katika kituo cha redio cha Léopoldville, akatangaza kwamba amemwachisha kazi Lumumba pamoja na mawaziri wengine sita, na kwamba Joseph Ileo ataunda serikali mpya. Katika maneno yake alikosea hata cheo cha Lumumba, akamwita meya wa kwanza badala ya waziri wa kwanza. Kabla ya usiku kwisha, Lumumba naye alikuwa amefika kituoni. Alisema mara tatu redioni kwamba Kasa-Vubu si rais tena. Kwa hiyo wananchi walisikia katika usiku mmoja matamko mawili yanayofutana, kila moja likitolewa na mtu mwenye cheo halali. Bunge lilikataa kumwondoa Lumumba. Jibu la wawakilishi lilikuwa dhahiri.

Lakini jibu hilo halikupata chombo. Tarehe 6 Septemba maofisa wa Umoja wa Mataifa, chini ya Andrew Cordier, walikifunga kituo cha redio na viwanja vya ndege. Kufunga huko kulionekana kuwa kwa haki kwa pande zote mbili, lakini ng'ambo ya mto Kasa-Vubu alikuwa na rafiki, Fulbert Youlou, na redio ya Brazzaville ilikuwa wazi kwake. Lumumba, aliyekuwa na uwezo mkubwa zaidi wa kusema, ndiye aliyenyimwa pa kusemea. Tarehe 14 Septemba Kanali Joseph-Désiré Mobutu akatangaza redioni kwamba wanasiasa wote wamesimamishwa hadi mwisho wa mwaka. Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba aliuawa Katanga. Mobutu alikuwa ameshika somo ambalo hakulisahau kwa miaka 30: kabla ya kusema, hakikisha kwamba hakuna atakayejibu.

3. Jibu la neno moja

Mobutu alichukua utawala wote tarehe 24 Novemba 1965. Mwezi uliofuata alizungumza mbele ya umati uwanjani Léopoldville. Hesabu yake ilikuwa rahisi: wanasiasa walitumia miaka mitano kuiharibu nchi, naye anahitaji miaka mitano kuitengeneza. Alipowataka watu wakunje mikono ya mashati wafanye kazi, wengi walimwelewa na kumwunga mkono kwa moyo. Nchi ilikuwa imechoka na maasi na ugomvi wa vyama. Ingekuwa kosa la kihistoria kufikiri kwamba makofi ya mwaka 1965 yalikuwa ya hofu tu.

Hofu ilikuja haraka kuungana nayo. Tarehe 2 Juni 1966, watu wanne waliokuwa wamewahi kushika uwaziri, Évariste Kimba, Jérôme Anany, Emmanuel Bamba na Alexandre Mahamba, walinyongwa hadharani mbele ya umati mkubwa, baada ya kushtakiwa kula njama dhidi ya serikali. Tangu siku hiyo kila hotuba ya rais ilisikilizwa na watu waliojua mwisho wa anayejibu vibaya. Tarehe 20 Mei 1967 Ilani ya N'Sele ilitangaza misingi ya chama cha MPR, ambacho baadaye kilifanywa kuwa taasisi pekee ya nchi. Katiba ya 1974 iliweka mawazo ya rais kuwa mafundisho rasmi ya taifa.

Hapo ndipo umbo la mkutano wa hadhara lilipobadilika. Mobutu alitumia Kifaransa katika hotuba za bungeni na za kimataifa, lakini uwanjani alizungumza Lingala, lugha ya jeshi na ya mji mkuu, na alikuwa msemaji hodari wa lugha hiyo: mwenye mzaha, methali na hadithi fupi. Mkutano ulifunguliwa kwa maswali na majibu. Aliuliza watu wana baba wangapi. Umati ukajibu «moko», yaani mmoja. Mama wangapi? «Moko.» Kiongozi je? Chama je? «Moko.» Kwa sikio la mgeni hayo yalikuwa mazungumzo. Kwa umbo lake yalifanana na mtambaji wa hadithi anayeitikiwa na wasikilizaji wake, au na mwimbaji na wapokezi. Lakini katika utambaji wa hadithi msikilizaji anaweza kuuliza, kucheka mahali pasipotarajiwa, hata kumsahihisha msimulizi. Uwanjani jibu lilijulikana kabla ya swali. Aliyejibu lingine hakuwa na mahali pa kusimama.

Baada ya ziara zake nchini China na Korea Kaskazini mwaka 1973 na 1974, mtindo huo ulikuzwa na kuitwa animasioni ya kisiasa. Shule, ofisi, kampuni na mikoa ilikuwa na vikundi vya kuimba na kucheza sifa za kiongozi. Nyimbo nyingi ziliimbwa kwa Lingala, ingawa lugha nyingine pia zilitumika. Katika Shaba na Kivu, ambako watu husema «moja» au «moya» nyumbani na sokoni, jibu la siasa lilikuja na lugha iliyojulikana zaidi kama lugha ya askari. Televisheni nayo ilifungua habari za jioni kwa uso wa rais ukishuka kutoka mawinguni. Salamu zenyewe ziliamriwa: tangu 1972 «bwana» na «bibi» za Kifaransa zilikatazwa, kila mtu akawa «citoyen», yaani raia. Neno linalodokeza usawa lilitumika katika nchi ambamo mtu mmoja tu alikuwa na haki ya kuuliza.

Madhara ya jibu la neno moja hayakuwapata watawaliwa peke yao. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Katika miaka ya 1970 rais alianza kusema uwanjani na mkutanoni mambo ambayo katika nchi nyingine yangeangusha serikali. Mei 1976 aliwaambia wasikilizaji wa Kinshasa kwamba anayetaka kuiba aibe kidogo na kwa akili. Tarehe 25 Novemba 1977 yeye mwenyewe aliueleza «ugonjwa wa Zaire»: kila kitu kinauzwa, kila kitu kinanunuliwa, na hata haki ya raia imekuwa bidhaa. Maelezo hayo yalikuwa ya kweli na makali. Lakini hakuna aliyeweza kusimama akauliza ni nani aliyeuleta ugonjwa huo. Umati ulipiga makofi kama kawaida. Kiongozi alikuwa ameshika nafasi zote za mazungumzo: mshitaki, hakimu, na hata mpinzani.

4. Hotuba mbili za mwaka 1973

Tofauti kati ya neno lililojaribiwa na neno lisilojaribiwa inaonekana wazi katika hotuba mbili za Mobutu zilizotengana kwa muda usiozidi miezi miwili. Ya kwanza aliitoa New York tarehe 4 Oktoba 1973, mbele ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa. Alitangaza kwamba Zaire inavunja uhusiano na Israel, kwa kuwa anayelazimika kuchagua kati ya rafiki na ndugu hana budi kumchagua ndugu. Alidai pia kwamba nchi tajiri zirudishe kazi za sanaa zilizochukuliwa kutoka nchi maskini. Wasikilizaji wake walikuwa wajumbe wa mataifa huru. Hakuna aliyelazimishwa kuitikia. Kila mmoja angeweza kupinga, kunyamaza au kupiga kura ya hapana. Baada ya majadiliano, azimio namba 3187 la 18 Desemba 1973 juu ya kurudisha kazi za sanaa lilipitishwa, na mjadala huo wa kurudisha urithi wa Afrika uliendelea hata katika karne ya 21. Neno lililopita katika mizani ya wengine liliishi kuliko msemaji wake.

Hotuba ya pili ilitolewa Kinshasa tarehe 30 Novemba 1973 mbele ya Baraza la Kutunga Sheria. Ndani yake rais alitangaza hatua zilizokuja kuitwa zairishaji: mashamba makubwa, maduka na biashara nyingi za wageni zitakabidhiwa wananchi wa Zaire. Lengo lililotajwa, yaani uhuru wa kiuchumi, lilikuwa na watetezi wa kweli. Lakini katika ukumbi ule hapakuwa na mtu wa kuuliza maswali ya kawaida: nani atapewa, kwa kipimo gani, atalipa nini, ataagiza bidhaa kwa njia gani, wafanyakazi watalipwa na nani. Wajumbe walipiga makofi. Mali nyingi zilikwenda kwa wakubwa wa chama, jeshi na serikali, na kwa jamaa zao. Wapo waliouza bidhaa zilizokuwamo madukani wasinunue nyingine. Rafu zikabaki tupu, na bei zikapanda. Bei ya shaba ilipoanguka katika soko la dunia kuanzia 1974, shida ikawa mara mbili. Kufikia mwaka 1976 serikali ilikuwa ikiwaita wenye mali wa zamani warudi.

Msemaji alikuwa mmoja, ufasaha ulikuwa uleule, na nia ya kujikomboa kutoka kwa wageni ilitajwa katika hotuba zote mbili. Kilichotofautiana ni wasikilizaji. New York walikuwa na haki ya kukataa. Kinshasa walikuwa na wajibu wa kushangilia.

5. Rais anauliza, watu wanajibu

Mwaka 1990, baada ya tawala za chama kimoja kuanguka Ulaya ya Mashariki, Mobutu alifanya jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa robo ya karne: aliwauliza watu swali ambalo jibu lake hakulijua. Januari mwaka huo alianzisha ushauriano wa wananchi, akasafiri mikoani, akapokea maandiko. Jumla yake, kwa hesabu aliyoitangaza mwenyewe, ilikuwa 6128. Wafanyakazi wa serikali, waalimu, wanafunzi na makanisa waliandika. Maaskofu wa Kikatoliki walituma waraka wao mwezi wa Machi, wakaeleza kwamba chanzo cha ubovu ni mfumo wenyewe wa utawala.

Tarehe 24 Aprili 1990, katika ukumbi wa N'Sele, rais alitoa hotuba ya kujibu. Alisema kwamba maandiko 5310 yalitaka MPR irekebishwe, na 818 tu yalitaka vyama vingi. Hata hivyo yeye ameamua kuruhusu vyama vitatu, na anajitoa katika uongozi wa MPR. Wanaume wakaruhusiwa tena kuvaa tai, na watu kuitana «bwana» na «bibi». Alipofika mahali pa kuagana na chama sauti ilimkatika, akatoa machozi, akawaomba wasikilizaji waelewe uchungu wake. Wachambuzi wengi wameyatazama machozi hayo, wengine wakiyaamini, wengine wakiyadharau. Kwa mwanaisimu kilicho muhimu zaidi ni ombi lenyewe. Kwa mara ya kwanza kiongozi huyo aliomba kitu kutoka kwa hadhira ambacho hadhira ingeweza kumnyima.

Nayo ikamnyima. Mitaani na vyuoni watu walianza kuijadili hotuba mara moja, wakadai zaidi ya yale yaliyotolewa. Siku tisa baadaye, tarehe 3 Mei, rais alizungumza tena, safari hii kwa ukali. Alifafanua kwamba yeye yuko juu ya vyama na kwamba cheo chake hakijadiliwi. Usiku wa 11 kuamkia 12 Mei watu wenye silaha walivamia makao ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Serikali ilikubali kifo cha mtu mmoja tu. Mashirika ya haki za binadamu yalitaja idadi kubwa zaidi, na Ubelgiji ikasimamisha ushirikiano wake na Zaire. Kati ya machozi ya N'Sele na damu ya Lubumbashi zilipita siku 18 tu. Walioshambuliwa walikuwa wanafunzi, watu wa umri na wa kazi ambayo ni kusoma, kuuliza na kujibu.

Hata hivyo jibu lilikuwa limekwisha kutoka kinywani. Mkutano Mkuu wa Taifa ulifunguliwa tarehe 7 Agosti 1991 ukiwa na wajumbe wapatao 2850, na vikao vyake vilisikika redioni na kuonekana katika televisheni. Serikali ya Nguza Karl-i-Bond ilipousimamisha Januari 1992, Wakristo waliandamana tarehe 16 Februari, na wengi walipigwa risasi. Aprili vikao vikaanza tena. Kwa mara ya kwanza tangu 1965 wananchi walimsikia mtu akimtaja rais kwa jina na kumtia hatiani, na asubuhi yake bado yu hai. Mobutu alibaki Ikulu na majeshi yake, lakini kipaza sauti hakikuwa chake tena peke yake. Hotuba zake za miaka ya mwisho zilisikilizwa kama habari, si kama amri.

6. Kiswahili jukwaani

Ingekuwa vibaya kudhani kwamba kufunguliwa kwa vinywa kulileta wema tupu, au kwamba lugha ya mashariki ilikuwa safi kwa sababu haikuwa lugha ya askari wa Mobutu. Shaba inatoa onyo. Tangu mwisho wa mwaka 1991 mkoa huo uliongozwa na Gavana Kyungu wa Kumwanza wa chama cha UFERI, mwenzake wa karibu Nguza. Mikutano yake ilifanyika kwa Kiswahili cha Lubumbashi, chenye ladha ya mtaani na mzaha, na umati uliitikia kwa moyo, pasipo kulazimishwa. Katika mikutano hiyo Wakasai waliozaliwa au kufanya kazi Shaba waliitwa «bilulu», yaani wadudu. Umbo la neno hilo ni la ngeli ya ki-/bi-, ngeli ya vitu. Kabla ya mtu kutolewa nyumbani mwake, alikuwa amekwisha kutolewa katika ngeli ya watu.

Étienne Tshisekedi, mzaliwa wa Kasai, alipochaguliwa na Mkutano Mkuu kuwa waziri mkuu Agosti 1992, mashambulio yalianza Lubumbashi, yakaenea Likasi na, mwaka 1993, Kolwezi. Mamia ya maelfu ya watu walifukuzwa. Wengi walilala siku na wiki nyingi katika stesheni za Likasi na Kolwezi wakingoja gari-moshi, na wengine walikufa hapo au njiani. Hapa umati ulijibu kwa hiari, lakini jibu lilikuwa kosa. Sababu iko wazi: waliozungumziwa hawakuwa miongoni mwa waliopewa nafasi ya kujibu. Mazungumzo yanayomfanya jirani kuwa nafsi ya tatu tu, asiyeulizwa kamwe, yanaweza kuua hata bila amri ya rais.

Tarehe 17 Mei 1997 Laurent-Désiré Kabila alijitangaza kuwa mkuu wa nchi akiwa Lubumbashi, siku ambayo askari wa AFDL waliingia Kinshasa. Kiswahili kilifika mji mkuu mdomoni mwa watu wenye bunduki, na wakazi wengi wa Kinshasa wakakisikia kama wenzao wa Shaba walivyokuwa wameisikia Lingala. Kabla ya mwezi huo kwisha shughuli za vyama zilisimamishwa, na amri ya kisheria ikampa rais mamlaka karibu yote. Lugha ya jukwaani ilikuwa imebadilika. Nafasi ya msikilizaji haikuwa imebadilika sana.

7. Hitimisho

Historia iliyopitiwa hapa inaonyesha kwamba hakuna lugha ya Kongo iliyo ya ukombozi au ya ukandamizaji kwa asili yake. Kifaransa kilimdharau Mkongo kwa «tu», kisha kikatumika kuishitaki dharau hiyo mbele ya mfalme. Lingala na Kiswahili zimebeba mzaha, matumaini, amri na chuki, kulingana na nani aliruhusiwa kujibu.

Kwa wanaochunguza Kiswahili kuna kazi ambayo haijaisha. Hotuba nyingi zilizochapishwa zimetolewa kama maneno ya mtu mmoja, mara nyingi kwa Kifaransa, hata pale zilipotamkwa kwa Lingala au kwa Kiswahili. Makofi yamefutwa, vicheko vimefutwa, mazomeo yamefutwa, na mchanganyiko wa lugha umesahihishwa. Kanda za redio zinaharibika kwa joto na unyevu, na waliosimama viwanjani miaka ya 1960 na 1970 wanazidi kupungua. Inafaa kanda hizo zisikilizwe na kunukuliwa pamoja na sauti za umati, na wazee waulizwe walijibu nini, na walinyamazia nini, na kwa nini. Maneno ya viongozi yamehifadhiwa na serikali zao. Majibu ya watu hayana mwenye kuyahifadhi isipokuwa wale watakaoamua kwamba nayo ni sehemu ya hotuba.